Re: Mistari minne na nyota tatu, nani ampigie mwenzake saluti?

Mkuu, yule wa mistari minne begani uliyemwona bandarini Mtwara, kama ni kapteni wa jeshi la majini kwa mfumo wa Waingereza, analingana na kanali. Kapteni wa nchi kavu mwenye nyota tatu atakakamaa tu. Ila huyo wako huenda kaja kupakia korosho. Manahodha wa meli za mizigo nao huvaa mistari minne, ila ni raia, hapo saluti hamna.

Kinachonichekesha mimi ni ile nanga iliyozongwa na kamba. Wanamaji wa Uingereza wanaishona kwenye mkono wa sare, tena ni beji ya cheo! Mikindani ukipandisha nanga imezongwa vile, nahodha wa jahazi, na kikoi chake na singlendi, atakutukana kwa uzembe huo mpaka kule mbali Msimbati wasikie.