Kitosani yenye thioli: mambo yanayoharibika kabla hujaweka dawa

Kitosani, polima itokanayo na maganda ya kamba na kaa, hutengenezewa utando wa dawa wa kubandika ndani ya shavu, nayo hunata kwenye ute wa shavu kwa chaji zake chanya. Ikikutana na mate, yenye pH ya 6.2 hadi 7.4, chaji nyingi hupotea. Ndiyo sababu ya kuipachika thioli (vikundi vya salfa na hidrojeni), ambazo hufunga vifungo vya salfa na ute wenyewe. Ila thioli hizo hupenda kufungana zenyewe kwa zenyewe pH ikipanda, na zikishafungana hivyo, mdomoni haziwezi tena kushika ute.

Yeyusha miligramu 500 za kitosani katika mililita 4 za asidi ya hidrokloriki ya mola 1, ongeza maji hadi mililita 50. Tia miligramu 500 za asidi ya thioglikoliki, ndiyo yenye thioli, na EDAC (kemikali inayoiunganisha na kitosani) hadi milimola 125 kwa lita. Pandisha pH hadi 5 na ukoroge saa 3. Sodiamu hidroksidi ya kupandishia pH idondoshe taratibu. Ukiimwaga, kitosani huganda mabonge papo hapo. Dialisi (kusafisha ndani ya mfuko wenye vitundu vidogo mno) fanya gizani kwenye baridi: kwanza asidi ya hidrokloriki ya milimola 5, kisha hiyo hiyo yenye chumvi asilimia 1 mara mbili, halafu bila chumvi, mwisho milimola 1.

Sambamba na hiyo, andaa sampuli isiyo na EDAC. Wengi huiruka, nasi hatuamini matokeo yao. Ikionyesha thioli kwa kipimo cha Ellman (kinachopima thioli kwa rangi), ujue dialisi haikumaliza kazi na unahesabu asidi iliyobaki, si thioli iliyopachikwa. Na kwa kuwa Ellman hufanyika kwenye pH 8, kitosani hutoka kwenye myeyuko na kuleta ukungu unaopandisha usomaji. Zungusha kwenye sentrifuji, soma maji ya juu kwa nanomita 412.

Kabla ya kukausha kwa kugandisha, ulizia jenereta. Umeme ukikatika katikati, sampuli huyeyuka na hewa hula thioli. Unga ukae kwenye friji, chupa imefungwa barabara, na usiifungue ikiwa bado baridi: hewa ya Kampala ina unyevu, nao utatua juu ya unga.

Utando wenyewe si kazi ngumu. Polima asilimia 2, gliserini asilimia 20 hadi 30 ya uzito wa polima, acha mapovu yatoke, kausha kwa nyuzi 40. Msimu wa mvua punguza gliserini, la sivyo utando utanata vidoleni. Pima pH ya uso wake pia. Ukiwa na asidi nyingi utachoma shavu la mgonjwa.

Jaribio la kunata linahitaji shavu la nguruwe, maana ngozi yake ya ndani, kama yetu, haina tabaka gumu. Libebe kwenye bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ya pH 6.8 ndani ya barafu, hata kwa boda, ulitumie siku hiyo hiyo. Panga na wachinjaji mapema wakukatie kabla nguruwe hajamwagiwa maji ya moto ya kunyonyolea. Joto hilo huua ngozi hiyo ya ndani, na shavu lililopikwa nusu litakupa namba nzuri zisizo na maana.