Kanuni ya 14 iko wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimepigwa faini, na karatasi niliyopewa inataja "kanuni ya 14". Nimeisoma Sheria yote, sijaiona. Nimeonewa?

JIBU: Marahaba. Si lazima, umeitafuta kwenye kitabu kisicho chake. Sheria hutungwa na Bunge. Kanuni hutungwa na waziri au mamlaka nyingine, kwa ruhusa ya Sheria hiyo. Bunge litasema gari liwe salama. Kuhesabu breki na taa linamwachia waziri.

Fungua kurasa za mwisho za Sheria, utafute maneno "Waziri anaweza kutunga kanuni". Mimi niliyezeeka nikiandika rasimu za namna hii huanza kusomea hapo hapo, kinyumenyume kama mchawi. Kisha soma mstari wa juu kabisa wa kanuni, unaotaja kifungu kilichozizaa. Kiweke kifungu hicho na kanuni yenyewe pamoja. Kama kifungu kinahusu magari ya abiria tu, lakini kanuni imekukamata nawe mwenye baiskeli, au faini imepita kiwango kilichoruhusiwa, mahakama inaweza kuitengua kanuni hiyo na Sheria ikabaki palepale.

Angalia pia kama kanuni hiyo ilichapishwa kwenye Gazeti la Serikali, yaani chapisho rasmi la kutangazia sheria na kanuni, si gazeti la habari. Karatasi ya faini usiitupe.