Wasiofika Siku ya Upimaji: Ushauri kwa Wanaokokotoa Uzito wa Sampuli

Msomaji mmoja ameniuliza kama haitoshi kuongeza uzito (yaani idadi ya wanafunzi ambao kila aliyepimwa anawawakilisha) wa wanafunzi wote waliofanya upimaji kwa kizidishi kimoja, ili kufidia wale ambao hawakufika. Swali hilo limenirudisha kwenye kikao kimoja hapa Dar es Salaam ambapo nilipinga jambo hilohilo, nikachekwa mbele ya wageni na kuambiwa kwamba napenda kuwachosha watu kwa hesabu. Baadaye utaratibu nilioupendekeza ulipitishwa bila jina langu kutajwa. Nimesamehe, ingawa sijasahau.

Upimaji wetu uliangukia masika, wakati maji ya mto Msimbazi yanapoweza kufunga barabara ya Jangwani, na mahudhurio katika shule za bondeni yalishuka ilhali shule za mwinuko zilijaa. Chukulia shule mbili zenye idadi sawa ya wanafunzi, kila moja ikiwa na 20 walioteuliwa: ya bondeni wakafika 10, ya mwinuko wakafika wote. Kizidishi kimoja kwa wote ni 40 kugawanywa kwa 30, na matokeo yake ni kwamba shule ya bondeni inabaki na theluthi ya uzito wote badala ya nusu yake. Ukirekebisha ndani ya kila shule, kila mtoto wa bondeni anabeba uzito maradufu, yule wa mwinuko habadiliki, na nusu inarudi mahali pake. Nilipoandika hesabu hiyo ubaoni kicheko kilikoma, na nakiri kwamba nilifurahi.

Sikuwa nimebuni chochote. TIMSS, upimaji wa kimataifa wa hisabati na sayansi, hurekebisha uzito kwa hatua, ikianza na shule zilizokataa kushiriki ndani ya tabaka lao, yaani kundi la shule zinazofanana lililopangwa kabla ya kuteua sampuli, kisha wanafunzi wasiokuwepo ndani ya darasa lao. PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, nayo huangalia shule, na pale idadi inaporuhusu, jinsia na kidato. Viwango vya chini vya ushiriki wanavyovitaka, kwa mfano asilimia 85 ya shule na asilimia 80 ya wanafunzi kwa PISA, haviondoi upendeleo katika matokeo, kwa sababu hata wachache waliokosekana wanaweza kuwa ndio dhaifu zaidi.

Kwa hiyo, wewe unayetamani kusimamia upimaji wa kitaifa, acha uvivu. Usiondoke shuleni bila kunakili kutoka daftari la mahudhurio jinsia, umri na utoro wa kila aliyekosekana, kwani kundi la marekebisho, yaani wanafunzi ambao waliofika kati yao hubeba uzito wa wasiofika, lina faida pale tu linapohusiana na utoro na pia alama. Usiyakate makundi yakawa madogo mno. Mimi kizidishi kikipita 2 huunganisha kundi hilo na linalofanana nalo, maana uzito unaotofautiana sana hupanua makosa ya sampuli. Na katika faili la data, tunza uzito wa awali na kila kizidishi katika safu yake, ili anayekubishia akokotoe mwenyewe.