Maswali na Majibu: Kuitambua Hitilafu Kabla Kengele Haijalia

SWALI: Ndugu Mhariri, mitambo ya karakana yetu inaongozwa na vifaa vya kielektroniki vinavyotumia pawa saplai (vifaa vinavyobadili umeme wa laini) za volti 24. Tumeweka kengele ilie umeme ukishuka chini ya volti 22, lakini inapolia kazi huwa imekwisha kusimama. Je, vipimo tunavyorekodi kila dakika haviwezi kutudokezea mapema?
Fundi, Eneo la Viwandani, Nairobi

JIBU: Vinaweza, mradi kila kifaa kilinganishwe na mwenendo wake chenyewe. Pawa saplai iliyozoea kutoa volti 24.1 kwa miezi kadhaa, kisha ikaanza kutoa 23.7, ingali mbali na kengele yenu, ila imekwisha kubadilika. Chukueni vipimo vya majuma machache ya kazi njema, mtafute wastani na mkengeuko sanifu (kiasi ambacho vipimo hutawanyika kando ya wastani), kisha mchore mipaka miwili, mmoja juu na mwingine chini ya wastani, kwa umbali wa mikengeuko mitatu; kipimo kikivuka mpaka, kifaa kichunguzwe. Njia hii ilibuniwa na Walter Shewhart mwaka 1924 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric nchini Marekani, na bado ndiyo ambayo ningeanza nayo.

Hata hivyo, msiitumie kwa kila kipimo cha dakika. Vipimo vinapotawanyika kwa namna ya kawaida (vingi karibu na wastani, vichache mbali nao), asilimia 99.73 hubaki ndani ya mipaka hiyo. Kwa kuwa siku moja ina dakika 1,440, kifaa kizima kabisa kingewaamsha bure takriban mara nne kila siku, na kengele ya aina hiyo mafundi huizima (wala siwalaumu). Afadhali mtumie wastani wa kila saa, na mipaka yake ikokotolewe upya kutokana na mtawanyiko wa wastani hizo zenyewe, kwa sababu vipimo vya dakika zinazofuatana hufanana mno.

Kwa mabadiliko ya polepole iko njia kali zaidi, aliyoieleza mwanatakwimu E. S. Page mwaka 1954, ambayo hujumlisha tofauti ndogondogo zinazoelekea upande mmoja hadi jumla yake ivuke kiwango mlichoweka.

Lakini hesabu nzuri haiwezi kuokoa kipimo kilichochaguliwa vibaya, na hapa ndipo wengi hupotea. Saketi ya ndani ya pawa saplai huisahihisha volti muda wote, hivyo wastani wake huweza kutulia huku kapasita (vijenzi vya ndani vyenye majimaji vinavyotuliza umeme) zikikauka. Kinachoongezeka mapema ni mtikisiko mdogo unaobaki juu ya umeme ulionyooshwa, yaani uliogeuzwa kuwa wa mwelekeo mmoja. Pimeni huo, pamoja na joto, ambalo kila likipanda kwa nyuzi 10 hupunguza maisha ya kapasita za elektroliti kwa takriban nusu. Linganisheni vipimo vya mzigo uleule, kwani mtikisiko wa wakati mashine zote zinafanya kazi si sawa na wa usiku.

Radi ikipiga laini ya umeme haitangulizi dalili yoyote katika vipimo. Kwa hiyo fungeni kinga ya msukumo wa ghafla wa umeme.