Kompyuta yenye mifumo mitatu imekwama kwenye "grub rescue": je, ni lazima nifomati?

SWALI: Ndugu mhandisi, salaam. Mimi ni mpimaji ardhi hapa Masasi, mkoani Mtwara. Kompyuta yangu ya kazi, ambayo niliinunua ikiwa imetumika, ina diski moja yenye Windows 10, Debian na Ubuntu. Nafasi ilipobana, niliingia Windows nikaifuta patisheni (sehemu ya diski) ya Debian, kwa kuwa sikuwa naitumia tena. Nilipoiwasha upya iliandika "error: no such partition", na chini yake "grub rescue>", ikaishia hapo. Fundi mmoja amenishauri nifomati diski nzima, lakini humo mna ramani za mashamba ya korosho ya wateja wangu. Je, zimepotea?

JIBU: Ikiwa ramani zilikuwa upande wa Windows au Ubuntu, hazijapotea, na nakusihi usifomati. Kilichoharibika ni njia ya kuufikia mfumo, wala si mfumo wenyewe.

Katika diski yenye mpangilio wa zamani wa MBR, sekta ya kwanza ina baiti 512, na kati ya hizo ni 446 tu zilizotengwa kwa ajili ya programu ya kuwashia. GRUB, yaani programu inayokuletea menyu ya kuchagua mfumo, haiwezi kuenea humo, kwa hiyo sehemu yake ndogo hukaa mwanzoni mwa diski, na iliyobaki, pamoja na menyu, hukaa katika folda ya /boot/grub ndani ya patisheni ya Linux mojawapo, yaani Debian au Ubuntu. Sehemu ile ndogo huikumbuka patisheni hiyo kwa namba. Basi, ama GRUB iliyokuwa ikitawala ni ya Debian, nawe umeifuta pamoja nayo, ama ni ya Ubuntu, lakini namba imehama: patisheni zilizo ndani ya ile pana (extended), inayobeba nyingine ndani yake, huhesabiwa kuanzia 5, na ukiifuta ya 5, iliyokuwa ya 6 hushika nafasi yake.

Hapo penye "grub rescue>" andika ls. Utaletewa orodha kama (hd0,msdos1) (hd0,msdos5). Ukiona gpt (mpangilio mpya wa diski) badala ya msdos (yaani MBR), usiifuate amri ya grub-install nitakayoitaja kabla ya kuhakikisha kama mashine huwaka kwa UEFI, yaani namna mpya ya kuwashia kompyuta, kwa sababu huko utaratibu ni mwingine. Kagua patisheni moja moja kwa ls (hd0,msdos5)/boot/grub, ukibadilisha namba. Patisheni za Windows zitajibu "unknown filesystem". Usishtuke, kwani GRUB ikiwa katika hali hii haina uwezo wa kuzisoma, na jibu hilo halimaanishi kwamba zimeharibika. Ukiipata inayoonyesha mafaili, tuseme ni ya 5, andika:

set root=(hd0,msdos5)
set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
insmod normal
normal

Menyu ikitokea, ingia Ubuntu, fungua terminali, kisha andika sudo grub-install /dev/sda na baada yake sudo update-grub. Hakikisha kwanza kwa lsblk kwamba diski yako ndiyo sda, na usiweke namba mwishoni, kwa sababu GRUB inawekwa kwenye diski, si kwenye patisheni.

Amri ya insmod ikikataa na kulalamika kuhusu "symbol", maana yake sehemu ndogo ni ya Debian na moduli (vipande vya GRUB vilivyo katika /boot/grub) ni za Ubuntu, na matoleo yao hayapatani. Hapo utahitaji flashi ya Ubuntu. Faili lake ni kubwa, kwa hiyo kama kuna mwenzako Masasi au Mtwara mjini aliye nayo, kuiazima ni nafuu kuliko kumaliza bando. Katika orodha ya kuwashia, flashi huweza kutokea mara mbili. Chagua isiyo na neno UEFI, ili iwake kwa namna ileile ya mifumo yako. Chagua kujaribu, wala si kusakinisha, kisha:

sudo mount /dev/sda5 /mnt
for d in dev proc sys; do sudo mount --bind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt

Ukishaingia, endesha zile amri mbili, grub-install na update-grub, bila sudo.

Huenda ukashauriwa utumie bootrec /fixmbr ya Windows. Itaiwasha Windows, lakini itaifunika Ubuntu, na kazi ya kuirudisha GRUB itabaki palepale. Itumie ikiwa tu una mteja anayesubiri ramani leo.

Windows ikikosekana katika menyu, ujue kuwa tangu toleo la 2.06 GRUB haitafuti mifumo mingine bila kuagizwa. Katika /etc/default/grub ongeza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha rudia update-grub. Na Ubuntu ikichelewa kuwaka kwa dakika moja na nusu, fungua /etc/fstab, faili linaloorodhesha patisheni ambazo Ubuntu huzifungua inapowaka, utafute mstari unaotaja patisheni uliyoifuta, uweke alama ya # mwanzoni mwake.