Watoto wa fildi, "msituni karibu na mto" sio mahali

Wadogo zangu, juzi nimefungua lile furushi la magazeti mliloleta kutoka safari. Sampuli 31 za mimea mlizozikausha ndani ya magazeti, zimekauka vizuri mpaka nikafurahi, majani yamelala, maua yanaonekana, presi, zile mbao za kubania mimea, mmeibana kama watu wazima. Halafu nikaanza kusoma lebo. Ya kwanza "msituni, karibu na mto". Ya pili "msituni, karibu na mto". Nilipofika ya kumi na moja nikafunga furushi nikaenda kunywa chai kwanza. Jamani, msitu gani? Mto gani? Upande upi wa mto? Kila mwaka wanakuja wapya na kila mwaka nasoma lebo hiyohiyo, kwahiyo safari hii naandika, na naandika kwa sababu nawapenda, msininunie.

1. Mjueni Asa Gray. Lile "A.Gray" mnalolinakili nyuma ya majina ya spishi bila kujiuliza ni nani, ni mtu kabisa, Mmarekani aliyezaliwa 1810 huko Sauquoit, jimbo la New York, akasomea udaktari wa watu halafu akauacha akahamia kwenye mimea, na 1842 akawa profesa Harvard. Hebariamu yake, yaani hazina yake ya mimea iliyokaushwa, alipoikabidhi kwa chuo 1864 ilikuwa na sampuli kama 200,000. Huyo ndio mtu ninayemzungumzia, sio mwanafunzi.

Sasa 1839 Gray yuko Paris, anapekua sampuli za Mfaransa mmoja, André Michaux, aliyekuwa amekusanya mimea Marekani miaka mingi nyuma. Humo akakuta kijimea kidogo hakina jina, kina majani na tunda, ua hamna. Lebo inasema kimetoka milima mirefu ya Carolina. Basi, hapo ndio mwisho wa lebo. Nyie mnaona kama yenu eh? Carolina ni kubwa, na milima yake haihesabiki kwa vidole.

Gray akaona hiki ni kitu kipya kabisa, hata jenasi, lile kundi linalobeba spishi za karibu, haipo. 1842 yeye na mwenzake John Torrey wakakipa jina, Shortia galacifolia, Shortia kumheshimu Charles Wilkins Short, daktari na mtu wa mimea wa Kentucky, na galacifolia kwa sababu majani yanafanana na ya mmea mwingine, Galax. Kwahiyo jina likawepo, mmea ukawa hauonekani. Gray mwenyewe akapanda milima ya North Carolina kuutafuta, akakosa, na wengine wakatafuta wakakosa, maana lebo imesema milima mirefu na watu wanatafuta juu, kumbe wenyewe unakaa huku chini, kwenye kingo za vijito zenye kivuli na unyevu. Short akafariki 1863 hajawahi kuuona mmea unaobeba jina lake. Hapo huwa nanyamaza kidogo kila nikisimulia.

Aliyeuokota ni kijana wa miaka 17, George Hyams, baba yake alikuwa anafanya biashara ya mitishamba, mwaka 1877, kando ya mto Catawba, na hakujua ameokota nini. Hesabuni kutoka Paris, miaka 38. Gray alikuja kuuona ukiwa ardhini 1879, ana miaka 68. Na kinachouma zaidi ni kwamba Michaux alikuwa na daftari la safari, na mahali alipaeleza humo. Charles Sprague Sargent alipofuata nyayo za Michaux 1886 mpaka vyanzo vya mto Keowee, South Carolina, akaukuta mmea uko palepale. Yaani maelezo yalikuwepo muda wote, ila yalikaa kwenye daftari huku lebo ikisafiri peke yake. Ndio maana nawaambia daftari na lebo ziseme kitu kimoja, na mvijaze hukohuko porini.

2. Msiseme nitaandika kambini. Hili linaniuma mimi binafsi kwahiyo mnivumilie.

Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa Usambara Mashariki, mvua siku ya nne haijakata, nguo zote mbichi. Mzee mwenyeji aliyekuwa anatuongoza akasimama kwenye kona ya kijito akanionesha kichaka, urefu kama wa kiuno, kina vitunda vya rangi ya chungwa vimekaa viwiliviwili chini ya jani, ukivibonyeza vinatoa maji mazito kama uji mwepesi. Akanitajia jina lake kwa Kisambaa na akasema hakipatikani kila sehemu. Mimi daftari liko ndani ya begi, begi limefungwa na nailoni juu, GPS anayo mwenzangu ameshatangulia mbele, nikakata matawi manne, nikaandika namba pembeni ya gazeti nikasonga. Jioni kambini nikawasha tochi nikaanza kujaza daftari sampuli 23 kwa mkupuo kutoka kichwani, nimechoka, nasinzia, na nilipofika kwa ile nikaandika "kama iliyotangulia". Iliyotangulia ilikuwa ya asubuhi, ng'ambo ya kilima. Jina la Kisambaa lilikuwa limeshanitoka.

Miaka miwili ikapita ndio ikaja barua pepe kutoka kwa mtaalamu wa jamii ya mibuni huko nje aliyekuwa ametumiwa nakala ya sampuli ile. Anauliza kwa adabu sana, sampuli hii sijaweza kuiweka kwenye spishi yoyote ninayoijua, ina matunda tu, naomba maua, ilitoka wapi hasa? Nilisoma ile barua nikafungua daftari nikakutana na mwandiko wangu mwenyewe, kama iliyotangulia, nikahisi tumbo linashuka.

Tulirudi mara tatu. Mara ya kwanza tulizunguka upande wa asubuhi, bure. Mara ya pili nikaenda kumuulizia yule mzee, nikaambiwa ametangulia mbele ya haki miezi mitano nyuma, nikakaa na wanawe nikawapa pole, nikajaribu kuwaelezea vile vitunda kwa mikono, wakanitajia majina matatu tofauti na yote tulipoyafuata yakawa mimea mingine. Mara ya tatu kijana wake mkubwa akasema baba alikuwa anapenda kupita bonde fulani, akatupeleka. Kona ya kijito nikaitambua, nina uhakika kiasi, kuna jiwe kubwa limeegemea mti. Ila chini yote ilikuwa imefyekwa imepandwa iliki. Wenye shamba hawana kosa, wanalisha watoto. Nilisimama pale kama nusu saa nazunguka na kupekua chini ya kila kichaka. Shiti, ile karatasi iliyobandikwa sampuli, ipo kabatini mpaka leo, imeandikwa kwa penseli jamii tu, jenasi alama ya kuuliza.

3. Tumia penseli, biro inakimbia na maji.

4. Rangi ya ua andika kabla ya kubana presi, ikikauka kila kitu ni kahawia.

5. Namba yako ya ukusanyaji, ile unayoipa kila sampuli, haijirudii maisha yako yote, hata ukibadilisha kazi.

6. Jina la mmea analokutajia mwenyeji liandike vile anavyolitamka, na muulize anautumia kwa kazi gani, na jina lake yeye liwepo kwenye lebo kama ameridhia. Wazee hawa hawatusubiri. Na mabonde nayo hayasubiri, hata kule kwa Gray, sehemu kubwa ya mahali Shortia ilipokuwa inaota South Carolina sasa iko chini ya maji ya ziwa Jocassee, walijenga bwawa la umeme miaka ya 1970. Iliyobaki bado inatoa maua meupe ikifika Machi.

Sasa lile furushi lenu liko mezani kwangu, sijaligusa tena. Jumatatu saa mbili asubuhi mje wote na madaftari na simu zenu, maana picha za simu huwa zina saa na mara nyingine zina mahali, tutakaa sampuli moja baada ya nyingine mpaka mkumbuke ni mto gani. Chai na maandazi nitanunua mimi.