Stroberi kwenye udongo wa chumvi: je, bakteria watasaidia?

SWALI: Nina kieneo nyuma ya nyumba, udongo ni mchanga na maji ya kisima yana chumvi. Stroberi zangu ziliungua kingo za majani, zikafa. Muuza pembejeo anasema ninunue bakteria wa udongo. Nitatupa hela? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Hutatupa, ila bakteria hawaondoi chumvi. Mche ukizidiwa na chumvi hutengeneza gesi ya ethilini inayodumaza mizizi. Baadhi ya bakteria hula malighafi ya gesi hiyo kabla haijatengenezwa. Wengine hutoa ute unaonasa sodiamu karibu na mzizi. Mche huvumilia zaidi, lakini si kwa maji yoyote yale.

Kwa hiyo anza na kisima. Chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1 kwa mita (kipimo cha chumvi kwa jinsi inavyopitisha umeme), mavuno ya stroberi huanza kushuka, na kila desisimensi inayoongezeka hula kama theluthi. Maji yako yakipita 0.7 ya kipimo hicho, kinga maji ya mvua au tumia ya bomba. Ya bomba yana klorini inayoua bakteria, hivyo yaache kwenye ndoo wazi saa 24.

Dukani chagua bakteria aina ya Bacillus subtilis. Hujifungia kwenye ganda gumu (spora) linalostahimili joto letu. Bakteria wa aina nyingine, Pseudomonas, hawana kinga hiyo. Pakiti isiyo na idadi ya bakteria hai wala tarehe ya mwisho, iache hapo hapo.

Koroga bakteria kwenye maji kwa kipimo cha pakiti, loweka mizizi dakika 20 hadi 30, upande jioni, maana jua kali huwaua. Kitovu cha mche (pale majani yanapochipukia) kiwe usawa wa udongo, ukikifukia kinaoza. Mwagia mililita 100 za mchanganyiko huo kila mche, urudie baada ya wiki tatu.

Wengi hukosea kwenye chakula cha bakteria. Mchanga mtupu hauwalishi: changanya ndoo ya lita 20 ya mboji iliyoiva kwa kila mita ya mraba. Samadi mbichi ya kuku usiiguse, yenyewe ni chumvi. Dawa ya ukungu yenye kopa (shaba) nayo isikutane nao.

Majani machanga yakigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, hiyo kwa kawaida ni njaa ya chuma, kawaida ya mchanga wenye chokaa ya matumbawe. Hapo hamia kwenye viroba vya udongo wa kununua. Panda Juni, kipupwe kikianza.